Jotoardhi mkoani Morogoro

Jotoardhi mkoani Morogoro ni nishati ya joto kutoka chini ya ardhi, inayoonekana hasa katika chemchemi za maji moto za Kisaki, kusini mwa Milima ya Uluguru. Hadi sasa haijatumika kuzalisha umeme.

Chanzo cha joto

Wengi hudhani kwamba penye maji moto lazima pawe na volkeno. Uluguru si volkeno: ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, yenye miamba ya kale sana. Kwa kawaida joto la ardhi huongezeka takriban sentigredi 25 hadi 30 kwa kila kilomita moja kwenda chini. Maji ya mvua yakipenya katika nyufa ndefu za miamba hupata moto huko chini, kisha hupanda tena juu. Hata chini ya Kihonda, kata ya Manispaa ya Morogoro, joto hilo lipo, lakini bila ufa wa kupitisha maji halijitokezi.

Huko Olkaria, nchini Kenya, joto hutokana na volkeno za Bonde la Ufa. Kituo cha kwanza cha umeme kilianza kazi mwaka 1981. Nchini Tanzania eneo linalofanana zaidi na hilo ni Ngozi, mkoani Mbeya.

Matumizi na elimu kwa umma

Kazi ya kuendeleza nishati hii imekabidhiwa Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania (TGDC), kampuni tanzu ya TANESCO iliyoanzishwa mwaka 2013. Chemchemi peke yake haithibitishi kuwa umeme utapatikana. Ni lazima kuchimba visima virefu, navyo ni ghali na vingine hukosa mvuke.

Maji yasiyo na joto la kutosha kuendesha mitambo ya mvuke yanaweza kukausha mpunga, ndizi na viungo, au kutumika katika ufugaji wa samaki. Kupasha joto vitalu nyumba, kama yanavyofanya mashamba ya maua ya Naivasha, hakuna maana kubwa Kisaki, ambako jua lenyewe ni kali.

Jambo ambalo mara nyingi husahaulika ni umbali. Umeme husafirishwa kwa nyaya, lakini maji moto hupoa njiani. Kisaki iko zaidi ya kilomita 100 kwa barabara kutoka mjini Morogoro, kwa hiyo viwanda vya Kihonda haviwezi kutumia joto lake moja kwa moja. Mashine za kukaushia mazao zingepaswa kujengwa Kisaki kwenyewe.