Maji Yanakwenda Wapi?

Mvua ya asubuhi ilipokatika, mpwa wangu alichuchumaa uani. Maji yalikuwa yametuama mbele ya mlango wa jiko. Akaokota kijiti. Akachora mfereji mdogo mchangani, kutoka kwenye dimbwi hadi kwenye shina la mnazi. Maji yakasita. Kisha yakaufuata mfereji, polepole, kama mtoto aliyeshikwa mkono na mama yake.

"Mjomba!" akaita. "Yamekubali!"

Yamekubali, mwanangu, kwa sababu umeyaonyesha njia. Hebu waite wenzako. Tandikeni jamvi hapa barazani, mkae. Kazi uliyoifanya sasa hivi, wapo watu wazima walioisomea miaka mingi.

"Kazi ya kuchora mchangani?"

Kazi ya kuiuliza ardhi kabla ya kuijenga. Wapo watu ambao ukiwaonyesha kiwanja hawaanzi na matofali. Wanaanza na swali. Na swali lenyewe ni hili: maji yanakwenda wapi?

Mpima ardhi anauliza, maji yanakwenda wapi? Kisha anapima mahali palipoinuka na mahali palipobonyea. Mhandisi anauliza, maji yanakwenda wapi? Kisha anapiga hesabu ya mfereji na daraja. Msanifu majengo anauliza, kisha anachora paa. Msanifu wa mandhari anauliza, kisha anachagua miti ya kupanda. Hata fundi mwashi anauliza. Mmekiona kile kifaa chake cha kunyooshea ukuta, chenye kichupa na kipovu ndani? Kinaitwaje?

"Pimamaji!"

Hongereni! Pimamaji. Jina lenyewe limeshasema.

"Lakini Mjomba, kwa nini wawe wengi hivyo? Mmoja hatoshi?"

Ah, napenda mtoto anayeuliza hivyo. Kumbukeni sufuria la wali wa nazi siku ya harusi. Huyu anachagua mchele. Yule anakuna nazi. Mwingine anaangalia moto. Mwenye moto akichochea kuni bila kumwuliza mwenye tui, nini kinatokea?

"Tui linakatika!"

Linakatika. Moto ulikuwa mzuri. Tui lilikuwa zuri. Ila hawakuulizana. Ndiyo maana siku hizi watu wa ardhi hupenda kukaa ofisi moja na kuizunguka meza moja. Kule Dar es Salaam kuna Chuo Kikuu Ardhi. Kilianza mwaka 1956 kama shule ya upimaji ardhi. Leo wapima ardhi, wasanifu majengo na wapangaji miji wanasoma katika chuo hicho kimoja. Wanajifunza kuulizana mapema, kabla tui halijakatika.

Sasa sikilizeni. Pwani yetu hii, kutoka Kilwa hadi Lindi, maji huijia kwa milango mitatu. Mlango wa juu ni mvua. Mlango wa mbele ni bahari. Mlango wa nyuma ni mito itokayo bara. Twendeni tukaitazame, mmoja mmoja.

Kwanza mlango wa juu. Tupande mashua pale Kilwa Masoko. Kisiwa kile mnakiona hata mkiwa ufukweni. Ndicho Kilwa Kisiwani. Tukishuka, tunatembea hadi ukingo wa jabali upande wa kaskazini. Hapa ndipo palipo Husuni Kubwa. Ni jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyetawala wakati ule msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100. Lilikuwa na birika la pembe nane. Fikirini, birika la pembe nane juu ya jabali! Aliyelichora hakuwa mtu wa kubahatisha.

Tegeni sikio ukutani. Lipo jiwe linataka kusema.

"Mimi nilizaliwa baharini," linasema jiwe. "Nilikuwa tumbawe. Waashi walinitoa nikiwa nimelowa, nikiwa laini. Wakanichonga. Nilipokaa juani nikakauka, nikawa mgumu. Wakanilaza ukutani, wakanishika kwa chokaa."

"Ee jiwe, chokaa ni nini?"

"Chokaa ni ndugu yangu. Naye alikuwa tumbawe, ila yeye alipitia motoni. Watu walipanga magogo, wakaweka matumbawe juu yake, wakawasha. Moto ulipozimika, akabaki yeye, mweupe kama unga."

"Na mbona sasa huna paa?"

"Watu walihama. Paa likaanguka. Mvua ikaingia bila hodi. Zamani maji yalikuwa na njia yake, yalishuka kwenye paa yakapita. Sasa hakuna aliyeyaonyesha njia. Yakatafuta njia yenyewe. Yakabeba udongo chini yangu, kidogo leo, kidogo kesho. Udongo ukaporomoka jabalini, ukaangukia baharini. Ndugu zangu wa upande wa mashariki wakaanza kwenda nao."

Naona mmenyamaza. Mnalihurumia jiwe. Ni vizuri.

"Mjomba, na ile miti iliyoota juu ya kuta? Si ikatwe yote?"

Umeuliza kama mhandisi, mwanangu! Nikwambie jambo la ajabu. Mimea iliyoota kwenye jabali inaushika udongo usichukuliwe na mvua. Lakini mizizi ya mimea hiyo hiyo inajipenyeza ukutani na kuyaachanisha mawe. Ni rafiki wa udongo na ni adui wa ukuta. Ni kama kilemba. Kikifungwa vyema kinakaa kichwani. Kikikazwa mno, kichwa kinauma. Basi mtu wa miti na mtu wa mawe lazima wakae pamoja. Mti huu ubaki, unashika jabali. Mti ule uondoke, unapasua ukuta. Mmoja wao akiamua peke yake, ama jabali litaporomoka, ama ukuta utapasuka.

"Nyufa si zizibwe kwa saruji? Saruji ni ngumu!"

Ni ngumu, kweli. Ila tazameni mtungi wa bibi pale pembeni. Kwa nje ukoje?

"Umelowa. Unatoka jasho."

Unatoka jasho kwa sababu udongo wake unapumua. Ndoo ya plastiki haitoki jasho. Jiwe la tumbawe ni kama mtungi, hunywa maji kisha huyatoa. Chokaa nayo inapumua, inayaacha maji yatoke. Saruji inafunga mlango. Maji na chumvi hubaki ndani, na jiwe, lililo laini kuliko saruji, ndilo linalomeguka. Kwa hiyo mafundi wanaotunza magofu hurudi kwenye chokaa. Hata ndani ya jiwe moja wanauliza: maji yanakwenda wapi?

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na ya jirani yake Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Orodha hiyo inatunzwa na UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha nyingine, ile ya urithi ulio hatarini. Ni kama mgonjwa aliyelazwa wodini. Mwaka 2014 yakatolewa humo. Mgonjwa akaruhusiwa kurudi nyumbani.

"Aliponywa na nani?"

Na wengi. Sasa twendeni kwenye mlango wa pili, mtawaona.

Mlango wa mbele ni bahari. Hili boma kubwa karibu na maji linaitwa Gereza. Wareno walifika Kilwa mwaka 1505 wakajenga ngome. Gereza mnaloliona leo, sehemu yake kubwa ilijengwa baadaye, enzi za Waomani. Mawimbi yalikuwa yakilila. Yanakuja, yanagonga, yanarudi na mchanga. Yanakuja, yanagonga, yanarudi na mchanga. Ukuta ulio juu ya mchanga unaoondoka utasimama wapi?

Muulizeni mkoko. Yule pale, amesimama matopeni.

"Mimi sina nguvu za jiwe," anasema mkoko. "Wimbi likija, silipigi. Ninaliacha lipite katikati ya mizizi yangu. Linapita huku, linapita kule, linachoka. Likifika ufukweni limekuwa mtoto mpole. Mchanga liliotaka kuuchukua, linautua miguuni pangu."

"Mjomba, mbona kitu chenye matundu kinazuia wimbi?"

Tazameni ua wetu wa makuti. Una matundu?

"Mengi!"

Na upepo wa kusi ukivuma, nyuma ya ua mnapigwa na vumbi?

"Kidogo tu."

Mmeshajijibu. Upepo unapita kwenye makuti ukichoka, na wimbi linapita kwenye mizizi likichoka. Lakini watu walikata mikoko, kwa boriti na kwa kuni, na wimbi likapata njia nyeupe. Basi wakaja watu wa idara ya serikali ya Mambo ya Kale. Likaja World Monuments Fund, shirika la kutunza majengo ya kale. Wakaja wahandisi na waashi. Na wenyeji wa kisiwa wakawa pamoja nao, maana mkoko hautaki kupandwa na mgeni asiyejua maji yanajaa lini na kupwa lini. Vikajengwa vikinga-mawimbi. Mikoko ikapandwa. Jiwe likasimama na mkoko, mgumu na mpole, zamu moja.

Umebaki mlango wa nyuma. Huu mnaujua wenyewe, maana mlikosa mgeni wenu kwa sababu yake.

"Shangazi! Alikwama njiani!"

Alikwama. Mwezi Mei 2024 kilikuja Kimbunga Hidaya. Mvua ilinyesha bila kupumzika. Barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi ikakatika upande wa Somanga, hapa hapa wilayani Kilwa. Magari yakapanga foleni huku na huku, yanatazamana, katikati maji.

Hebu twende uani. Leteni lile gogo. Lilazeni kukata njia ya maji. Sasa maji yanakwenda wapi?

"Yanajaa nyuma ya gogo."

Yakizidi?

"Yanapita juu!"

Au yanachimba chini. Barabara ni gogo refu, wanangu. Imelazwa kukata njia ya maji yanayotoka bara kwenda baharini. Mhandisi lazima ayaachie milango. Mlango mdogo ni kalavati, mlango mkubwa ni daraja. Siku ile maji yalikuwa mengi kuliko milango. Watu wa TANROADS, wakala wa barabara wa Tanzania, wakashusha mawe na vifusi usiku na mchana mpaka magari yakapita. Kisha ikaja kazi ndefu zaidi, ya kujenga madaraja makubwa.

"Mhandisi anajuaje mlango uwe mkubwa kiasi gani?"

Anatazama vipimo vya mvua vya miaka mingi. Anapima mteremko. Anachunguza udongo, maana udongo mweusi wa mfinyanzi hunywa maji ukavimba, kisha ukikauka hupasuka, na barabara hupasuka nao. Halafu, akiwa mhandisi mzuri, anamtafuta mzee wa kijiji. Anamwuliza, "Mzee, shikamoo. Mafuriko makubwa yalifika wapi?" Na mzee anamwonyesha alama kwenye shina la mwembe. Ile alama nayo ni hesabu.

Mnalijua Daraja la Mkapa, kwenye Mto Rufiji? Lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake wasafiri walingoja kivuko pale Ndundu. Urefu wake ni karibu mita 970. Mkilipita wakati wa kiangazi mtashangaa, daraja lote hili la nini? Ngojeni masika. Mto ukitanuka mtaelewa kwamba waliolijenga hawakuupima mto siku uliyokuwa umelala. Waliupima siku ya hasira yake.

"Mjomba, na mimi nikikua nitakuwa yupi? Mpima, mhandisi, au mtu wa mikoko?"

Usiharakishe kuchagua. Leo umekuwa wote watatu kwa kijiti kimoja. Anza kwanza na lile swali. Ukilishika hilo, kazi itakuja yenyewe. Haya, nenda ukautazame mfereji wako.

Akaenda. Wote wakaenda. Mbele ya jiko palikuwa pakavu, na mama yake akasema ahsante. Shina la mnazi lilikuwa limekunywa na kushiba. Lakini mpwa wangu hakurudi barazani. Alisimama akitazama nyuma ya mnazi, kule ambako kijiti chake hakikufika. Kishipa chembamba cha maji kilikuwa kimetokeza upande wa pili. Kilipita chini ya ua wa makuti, kikielekea kwa jirani, kwenye banda la kuku la Bi Mkubwa.

Akakunja uso. Akafikiri. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, akijiuliza mwenyewe:

"Na baada ya hapa, maji yanakwenda wapi?"

Hilo, mwanangu, sikukufundisha mimi. Umelipata mwenyewe. Mwenye kiwanja huuliza hadi kwenye ua wake. Mhandisi huuliza hadi kwa jirani.

Akaokota kijiti chake. Akazunguka ua, wenzake nyuma yake, wakapiga hodi kwa Bi Mkubwa. Nikawasikia wakimwamkia mmoja baada ya mwingine, shikamoo bibi, shikamoo bibi. Kisha nikasikia jembe.