KABLA FUNDI HAJAING'OA GIA

Ndugu msikilizaji, baiskeli ya gia moja inamtosha aishiye tambarare. Lakini anayepanda kutoka Ipogolo hadi Iringa mjini, au aishiye Mbeya chini ya Mlima Loleza, anajua thamani ya gia.

Ndiyo maana nilisononeka juma lililopita pale Mwanjelwa. Baiskeli yangu kuukuu ya mtumba ilikuwa ikigoma kubadili gia. Fundi hakuuliza swali. Alishika koleo akasema: "Mzee, naing'oa hii, nafupisha mnyororo, unabaki na gia moja." Nikamwomba anipe nusu saa na kitambaa.

Kwanza ni uchafu. Futa tope kwa mafuta ya taa, kausha, kisha tia oili kidogo.

Pili, simama nyuma ya baiskeli. Kifaa cha kubadilishia gia kina vigurudumu viwili vidogo; vyote vikae wima, sambamba na meno ya gia. Vikiegemea ndani, baiskeli ilianguka na chuma kinachoshikilia kifaa kimepinda. Hapo kukaza skrubu ni kazi bure. Chuma kinyooshwe kwanza.

Tatu, waya. Mnyororo ukichelewa kupanda duara kubwa la meno, waya umelegea. Ukazwe kidogo kidogo. Ukichelewa kushuka duara dogo, aghalabu waya umeshika kutu ndani ya mfuko wake.

Nne, skrubu mbili zenye herufi H na L. Hiyo ya L huzuia mnyororo usivuke duara kubwa ukaingia kwenye spoki. Usiipuuze! Kifaa kikinaswa na spoki mteremkoni, gurudumu hujifunga ghafla, na mpandaji hurushwa barabarani.

Mwisho, mnyororo wenyewe. Ukiwa mpya, pingili 24 zina urefu wa sentimita 30 na nusu. Zikikaribia sentimita 30.7, nunua mwingine kabla haujala meno ya gia.

Yangu ilikuwa kutu ya waya. Nilinunua waya mmoja na mfuko wake, nikarudi nyumbani na gia zangu zote.

Simlaumu fundi yule; wengi wamejifunzia kazi kwenye baiskeli zisizo na gia. Lakini kifaa kikishang'olewa na mnyororo kukatwa, kukirudisha ni gharama. Basi, mwenye baiskeli, uliza kwanza: tumekagua waya?

Hadi juma lijalo, kwaherini.