Tarumbeta za Beni

Fanfari ikipita njiani Bukavu siku ya sikukuu, watoto huacha michezo yao na kuifuata. Tarumbeta zinang'aa juani, na sauti yake husikika mbali.

Tarumbeta ni bomba refu lililokunjwa. Hufanywa kwa shaba iliyochanganywa na zinki. (Shaba yenyewe watu wa Kongo wanaijua vizuri, maana inachimbwa Katanga.) Mpigaji hapulizi kama mtu anayepuliza moto. Hubana midomo, nayo midomo ikitetemeka, hewa iliyo ndani ya bomba hutetemeka pia. Bomba fupi hutoa sauti nyembamba. Bomba refu hutoa sauti nene. Akibonyeza vifungo vilivyo juu yake, hewa huzunguka njia ndefu zaidi, na sauti hushuka.

Baragumu la shaba si kitu kigeni kabisa katika Afrika ya Mashariki. Lamu wana siwa ya shaba ya tangu zamani, na Pate wana siwa ya pembe za ndovu. Lakini fanfari ya kizungu ilikuja baadaye. Sultani wa Unguja alikuwa na wapigaji wake kutoka Goa. Huko Freretown, karibu na Mombasa, watumwa waliofunguliwa walijifunza kupiga tarumbeta katika misioni.

Vijana wa pwani waliposikia, walitaka nao. Katika miaka ya 1890 wakaanzisha ngoma yao, wakaiita beni, neno litokalo katika Kiingereza. Walijigawanya katika vyama: Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi, Tanga na Dar es Salaam, Marini na Arinoti. Kila chama kilikuwa na mfalme wake na majenerali wake. Kimoja kikifanya karamu, kingine kilitaka karamu kubwa zaidi, hata wengine wakaingia madeni. Lakini si majivuno tu. Mgeni aliyefika mjini peke yake, bila ndugu, alipata wenzake katika beni. Akiugua walimsaidia, akifa walimzika.

Vita vya 1914 mpaka 1918 viliipeleka beni mbali. Askari na wapagazi walitembea nchi nzima, wakaicheza kambini. Vita vilipokwisha, kila mtu alirudi kwao nayo. Ikafika hata Katanga, katika miji ya madini, ikaitwa mbeni. Wakubwa wa serikali za kikoloni waliitilia mashaka, kwa kuwa watu walijipanga wenyewe kama jeshi, na wamisionari wengi waliikataza.

Shida nyingine ilikuwa bei. Tarumbeta ni ghali, na mtu wa kijiji ataipata wapi? Watu wa kaskazini ya Malawi, kando ya Ziwa Nyasa, waliona njia. Walitwaa kibuyu kikavu, wakakitoboa tundu, wakaliziba kwa utando wa buibui. Mtu akiimba ndani yake, utando hutetemeka na sauti hulia kama tarumbeta. Ngoma hiyo huitwa malipenga, nayo huchezwa hata sasa. Vibuyu vidogo hutoa sauti nyembamba, na vikubwa sauti nene.