"Wafugaji wapunguze mifugo": tuipime hii hoja

Uzi kwa mnaofuatilia siasa za huku Isiolo. Ukame ukibisha tu, jukwaani utasikia sentensi mbili: "Kila mtu ajipange" na "Wafugaji wapunguze mifugo." Zinashangiliwa sana, hasa na watu wasio na mbuzi hata mmoja. Mimi nazipima na Leparua, upande wa Burat, pale tunapopakana na Lewa.

Kujipanga kulianza zamani, wadau. Wafugaji wengi wa kaskazini wameacha kutegemea ng'ombe peke yake, wakaongeza mbuzi na ngamia. Ng'ombe anataka nyasi, na maji kila baada ya siku mbili tatu. Ngamia anakula majani ya miti na anakaa siku nyingi bila kunywa. Hakuna aliyengoja mheshimiwa aje kumwambia. Lakini ngamia ni ghali kuliko ng'ombe, kwa hivyo aliyebadilisha ni yule aliyekuwa nacho. Mjane mwenye mbuzi sita ajipange na nini?

Sasa kuhusu kupunguza. Nusu ya hoja naikubali: mwenye ng'ombe mia akiuza thelathini mapema, sabini wanabaki na nafasi ya kuishi. Shida ni hilo neno mapema. Wote wakikimbia sokoni mwezi mmoja, na ng'ombe wamekonda, bei inaanguka na mnunuzi ndiye anayepanga. Machinjio makubwa ya Isiolo, ambayo yangetupunguzia shida hiyo, ujenzi wake ulikwama miaka mingi. Huyo anayekuambia uuze, muulize ni nani angenunua.

Kumbuka ukame wa juzi. Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Mamlaka ya kudhibiti ukame, NDMA, hutoa taarifa ya kila kaunti kame kila mwezi, kwa hivyo dalili zilionekana. Ukame ulitangazwa janga la kitaifa Septemba 2021, misimu miwili ikiwa tayari imepotea. Mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikufa Kenya. Na bado lawama ikaenda kwa mchungaji, eti alichelewa kuuza!

Halafu kuna suala la nani alileta hili joto. Mwaka 2023 wanasayansi wa World Weather Attribution walisema mabadiliko ya tabianchi yaliufanya ukame huo uwe na uwezekano wa kutokea angalau mara 100 zaidi. Afrika nzima hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa chafu duniani.

Na hapa ndipo Leparua inapendeza kama mfano. Ardhi yake imo katika mradi wa kaboni wa Northern Rangelands Trust, ulioanza 2013. Wafugaji wanalisha kwa zamu, nyasi zinapumzika, mizizi inahifadhi kaboni udongoni, kisha "hewa" hiyo inauzwa kwa kampuni za nje zinazotaka kufidia moshi wao. Yaani mwenye kiwanda analipa na kuendelea, mwenye mbuzi ndiye anayebadilisha njia ya kuhama. Januari 2025 mahakama ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za kaunti hii, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa bila kufuata sheria na bila kushirikisha wananchi ipasavyo. Leparua haikuwa kwenye kesi hiyo, lakini swali la nani aliulizwa linatuhusu sote.

Tena Isiolo ilikuwa kati ya kaunti za kwanza Kenya kujaribu mfuko wa tabianchi ambapo kamati za wadi, watu wa hapa hapa, ndizo huchagua mradi: bwawa lipi lichimbuliwe, kisima kipi kifungwe malisho yakiisha. Hilo la kufunga kisima ni busara ya zamani. Wazee wa dedha kwa Waborana wamelifanya vizazi na vizazi, na mtu mmoja hawezi kulifanya peke yake hata akijipanga vipi.

Kwa hivyo akija kwenu na "kila mtu ajipange", muulize kamati ya wadi yenu ilipata shilingi ngapi mwaka huu.