Mjukuu wa kwanza Mombasa: Furaha isiyo na likizo

Mwanamke aliyejifungua watoto saba bila kutetereka huonekana akitetemeka siku binti yake anaposhikwa na uchungu kwa mara ya kwanza. Hali hiyo ni ya kawaida upande wa bara wa Mombasa, kuanzia Likoni na Kisauni hadi Changamwe. Kwa wakazi wa Likoni hofu huzidi, kwani mja mzito akipewa rufaa kwenda Hospitali Kuu ya Pwani iliyoko kisiwani, njia ya karibu ni feri, na foleni ya feri haijui uchungu. Ndiyo maana habari kwamba amejifungua salama hupokewa kwa vigelegele ambavyo jirani hahitaji kuelezwa sababu yake.

Kuanzia dakika hiyo watu wazima kadhaa hupata cheo kipya. Kwa Waswahili mama wa mzazi huwa nyanya au bibi. Katika nyumba ya Wagiriama huko Kisauni, huitwa hawe, na mumewe tsawe. Kwa Wamijikenda jambo hili lina uzito wa ziada kwa kuwa jina la babu humrudia mjukuu. Ndiyo sababu katika ukoo mmoja hukutwa Katana wa Charo, kisha Charo wa Katana, kizazi baada ya kizazi. Babu aliyehofia kwamba jina lake lingezikwa pamoja naye hulisikia likiitwa angali hai, aghalabu likifuatwa na kilio cha kudai maziwa.

Hapo utani huanza. Nyanya humwita mjukuu wa kiume “mume wangu” na wa kike “mke mwenzangu”. Baba aliyekuwa mkali, ambaye watoto wake walinyamaza waliposikia hatua zake mlangoni, sasa hutambaa mkekani akiigiza farasi. Mwanaanthropolojia Mwingereza Alfred Radcliffe-Brown, aliyechapisha makala kuhusu uhusiano wa utani mwaka wa 1940, alieleza kuwa mzigo wa kuadibu huwa mabegani mwa wazazi, na kwa hivyo babu na mjukuu huachiwa urafiki. Wanawe wakiona farasi huyo hushangaa, pengine kwa wivu kidogo.

Hata hivyo, kwa nyanya furaha hiyo huja na kazi. Kwa desturi ya Waswahili, mwanamke mwenye mimba ya kwanza hurudi kwao kujifungua na hukaa huko siku arobaini. Katika muda huo mama yake humkanda kwa maji ya moto, humpikia uji wa pilipili manga na supu ya kuku, na humfunga tumbo kwa mkaja. Kitambaa hicho ndicho asili ya jina la zawadi ambayo mama wa bibi harusi hupewa wakati wa ndoa, kana kwamba anakumbushwa siku alipofungwa yeye. Siku ya saba, kwa Waislamu, mtoto hunyolewa nywele na kufanyiwa akika: mbuzi wawili kwa mvulana, mmoja kwa msichana.

Desturi hii haipingani na tiba kama inavyodhaniwa. Shirika la Afya Duniani hushauri mama na mtoto wachunguzwe mara nne baada ya uzazi, na mara ya mwisho ni wiki ya sita, yaani siku mbili tu baada ya arobaini. Penye mgongano ni penginepo. Mtoto hahitaji maji kabla ya miezi sita wala hapaswi kupewa asali kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kitovu hakipaswi kupakwa majivu, na baadhi ya wanja za macho zimepatikana kuwa na madini ya risasi. Mengi ya hayo huamuliwa na nyanya, si na mzazi mchanga, hivyo muuguzi anayezungumza na binti pekee huenda anapoteza muda wake.

Shida kubwa ni kwamba nyanya wengi wa leo hawajastaafu. Aliyejifungua akiwa na umri wa miaka 20 anaweza kupata mjukuu akiwa na miaka 43, naye bado hufua mashuka katika hoteli za Bamburi au huuza samaki sokoni Kongowea. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humpa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi na baba wiki mbili. Nyanya hakutajwa. Alichonacho ni likizo ya mwaka, ambayo kwa uchache ni siku 21 za kazi, na muuza samaki hana hata hiyo.

Huko Changamwe, ambako bandari na reli ziliwavuta watu wa makabila mengi, nyanya mara nyingi hutoka mbali. Hushuka kwa treni Miritini au kwa basi, kuku kikapuni, na kukuta chumba kimoja cha kupanga ambamo baba mtoto analazimika kulala kwa rafiki.

Siku ya arobaini mtoto hutolewa nje, na mzazi hujiandaa kurudi kwa mumewe. Nyumba iliyokuwa ikilalamikiwa kwa kelele za usiku hunyamaza ghafla. Nyanya hufua leso zilizobaki, na kabla hazijakauka huwa ameuliza mara mbili watarudi lini.