Rapu na maghani yaweza kumwinua kijana wa mtaa wa mabanda, ila si kwa maikrofoni pekee

Neno ‘uwezeshaji’ limechakaa vinywani mwa wanasiasa na mashirika. Kila msimu vijana wa mitaa ya mabanda hupewa fulana, soda na hotuba, kisha huambiwa kwamba wamewezeshwa. Katika makala haya ninadhamiria kueleza jinsi muziki wa kufokafoka, yaani rapu, pamoja na maghani ya jukwaani unavyoweza kumwezesha kijana kwelikweli, na pale ambapo sisi wasomi na viongozi tunamwacha njiani.

Tuanze na chimbuko. Hip hop ilizaliwa Bronx, jijini New York, wakati mtaa huo ulikuwa umegubikwa na umaskini, nyumba zilizoteketea na magenge. Desemba 1971, baada ya kijana aliyetumwa kupatanisha magenge kuuawa, viongozi wa magenge hayo walikutana Hoe Avenue wakaafikiana kuweka silaha chini. Vijana wakaanza kuvuka mipaka ya mitaa yao kwenda kucheza muziki. Agosti 11, 1973, mhamiaji kutoka Jamaika, Clive Campbell, ajulikanaye kama DJ Kool Herc, alipiga santuri katika sherehe ya dadake, na usiku huo ndio huhesabiwa kuwa mwanzo wa hip hop. Ushindani wa maneno ulichukua nafasi ya ushindani wa visu.

Maghani ya mashindano nayo yalianza Chicago katika miaka ya 1980. Marc Smith, aliyekuwa mfanyakazi wa ujenzi, aliwatoa washairi kumbi za wasomi akawapeleka kwenye baa. Waamuzi waliteuliwa miongoni mwa hadhira. Ukighani ovyo, unazomewa papo hapo!

Hapa kwetu, mfano bora ni Dandora. Mtaa huo ulianzishwa katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na jalala kuu la Nairobi likawekwa papo hapo. Mwaka 2007, utafiti wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) uliwapima watoto 328 wanaoishi karibu na jalala hilo. Takriban nusu yao walikuwa na madini ya risasi damuni kupita kiwango kilichokubalika kimataifa. Kijana anayekulia mazingira hayo hahitaji kufundishwa maana ya dhuluma. Anahitaji lugha ya kuieleza.

Lugha hiyo ililetwa na kundi la Kalamashaka miaka ya 1990. Wakati waimbaji wengi wa rapu nchini waliiga Kiingereza cha Wamarekani, vijana hawa wa Dandora walifoka kwa Kiswahili na Sheng. Baadaye waliungana na wenzao, wakiwemo wa Mombasa, wakaunda Ukoo Flani Mau Mau. Mwaka 2004 wasanii wa ukoo huo walishiriki katika albamu iliyoitwa Kilio cha Haki. Msomaji wa fasihi atakumbuka kwamba hilo ndilo jina la tamthilia ya Alamin Mazrui, msomi aliyewekwa kizuizini mwaka 1982. Jina moja, kilio kimoja. Kimoja kilitoka chuoni na kingine jalalani.

Sasa tuiangalie kazi yenyewe, maana wapo wanaodhani rapu ni kubwabwaja. Ubeti wa kawaida wa rapu una mistari 16, kila mstari ukiwa na mapigo manne. Mdundo ukienda kwa mapigo 90 kwa dakika, kijana ana sekunde zisizofika 45 kusimulia kisa, kujenga hoja na kuifunga. Neno lisilo na kazi linaondolewa. Huo ni uhariri, na ni mgumu kuliko insha nyingi ninazosahihisha.

Vilevile tazama vina. Katika shairi la kimapokeo, kina ni silabi moja: ‘jalala’ na ‘chakula’ zinatosha kwa sababu zote zinaishia kwa -la. Kwa kuwa Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, sikio la shabiki wa rapu hudai zaidi. Hutaka ‘jalala’ na ‘kulala’, hata ‘jalala’ na ‘masala’. Kijana aliyeacha shule darasa la saba hulazimika kusaka msamiati, kupima silabi na kuuliza maana. Wenyewe husema, “Mistari lazima ipikwe, msee.”

Na malumbano yao si mageni. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, alijibizana kwa tungo na washairi wa miji pinzani, na hadhira ikangoja jibu kwa hamu. Wanaoshindana leo kwa mitindo huru wamekalia kigoda kilekile, wajue wasijue.

Je, kila rapu inajenga? La hasha. Zipo nyimbo zinazomdhalilisha mwanamke na kutukuza dawa za kulevya, na si busara kuzitetea kwa kisingizio cha sanaa. Lakini tusimhukumu kijana kwa sababu ya Sheng tu. Matusi yanaweza kusemwa kwa Kiswahili sanifu kabisa. Tupime ujumbe na ufundi, kisha tumwonyeshe kijana kwamba akimudu lugha zote mbili, anaweza kuzungumza na mtaa na pia na bunge la kaunti.

Swali linalobaki ni hili: akishuka jukwaani, anarudi nyumbani na nini? Mara nyingi anaalikwa kughani kwenye kongamano la vijana, anashangiliwa, anapigwa picha, kisha anaambiwa amepata ‘jukwaa la kujitangaza’. Mwenye viti amelipwa. Mwenye hema amelipwa. Mshairi anatembea kwa miguu hadi Korogocho. Huo si uwezeshaji, ni unyonyaji uliovaa tabasamu.

Kwa hivyo ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, walimu wa Kiswahili wawaruhusu wanafunzi kutunga na kughani rapu darasani, kisha waifanyie uchambuzi ule ule wa mizani, vina na tamathali. Pili, kaunti zifungue kumbi zao za jamii jioni kwa vijana hawa bila ada. Kumbi hizo zilijengwa kwa fedha za umma. Tatu, kila warsha ya utunzi iwe na somo la Sheria ya Hakimiliki ya 2001: jinsi ya kusajili kazi katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, jinsi ya kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, na jinsi ya kutaja bei bila kuona haya.

Nanyi mnaoandaa hafla, mkimwalika mshairi, andikeni malipo yake kwenye bajeti kabla hamjaandika ya maua.