Mbegu Inayongoja na Mbegu Iliyolala: Istilahi za Uotaji katika Mimea ya Pwani ya Wabajuni

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi Kiswahili kinavyoweza kuieleza hali ya mbegu hai kukataa kuota hata inapopata maji, hewa na joto. Mifano imechukuliwa katika mimea ya mwitu ya ukanda wa Kismayuu na visiwa vya Wabajuni, kuanzia mikoko ya matopeni hadi migunga ya bara. Inadaiwa kwamba neno usingizi, ambalo ndilo huja kwanza mdomoni mwa mfasiri, huchanganya mambo mawili yaliyo mbali: mbegu inayongoja maji, na mbegu isiyoyajali maji hata ikiloweshwa. Inapendekezwa jozi ya kungoja na kulala, na kulala kwenyewe kugawanywe mara mbili.

Utangulizi

Pwani inayotoka Kismayuu kwenda kusini hadi Ras Kamboni, mpakani mwa Kenya, imekingwa na msururu wa visiwa vya matumbawe, miongoni mwao Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na Mdoa. Wenyeji wake, Wabajuni, husema lahaja iliyo kaskazini kuliko lahaja zote za Kiswahili ukiondoa Chimwiini ya Barawa. Hata jina la mji mkuu wa ukanda huo hufafanuliwa kwa Kiswahili, kuwa ni kisima cha juu. Katika maandishi, sifa ya watu hawa ni ya bahari. Vinigi Grottanelli alipochapisha kitabu chake juu yao mwaka 1955, alikipa jina la Kiitaliano lenye maana ya wavuvi wa Bahari ya Hindi. Lakini mvuvi huishi kwa miti. Boriti ya nyumba yake ni mkoko, mkeka wake ni miyaa, na kete za bao lake ni komwe. Mimea hii yote huanza katika mbegu, na namna mbegu hizo zinavyoanza maisha zinatofautiana kiasi cha kumlazimisha mwanaistilahi azipange upya dhana zake.

Mea, ota, chipua

Kiswahili hakina upungufu wa vitenzi hapa. Kitenzi cha kale ni mea, chenye jamaa katika lugha nyingi za Kibantu: Waganda husema okumera, Wanyarwanda kumera. Kwetu kimezaa mmea, maana yake jamii nzima ya viumbe hawa imepewa jina kwa tendo lao la kwanza. Kimezaa pia kimea, yaani nafaka iliyoloweshwa ikaachwa iote kwa ajili ya pombe. Ota ndicho kilichoingia katika vitabu vya shule, kikatoa uotaji. Mzaha wa kwamba mbegu hulala kisha ikaota ni wa darasani, nasi tuupite.

Chipua ni jambo jingine. Mbegu huota, kisiki huchipua. Tofauti hii si ya mapambo. Mkoko, yaani Rhizophora mucronata, ukikatwa shina kwa boriti kwa kawaida hauchipui tena. Mchu, yaani Avicennia marina, huchipua. Kwa hiyo msitu wa mkoko uliokatwa hurudi kwa njia ya uotaji peke yake, na msitu wa mchu una njia mbili. Mwandishi anayetumia vitenzi hivi viwili kana kwamba ni kimoja humnyima msomaji habari ambayo lugha ilikuwa imekwisha kuiweka tayari.

Kutoka matopeni hadi mchangani

Tuanze palipo na maji ya chumvi. Katika mkoko, muia na mkandaa, kiinitete hakisimami kukua baada ya kutungwa. Hutoboa ganda la mbegu na kisha tunda lenyewe lingali mtini, kikarefuka na kuning'inia mfano wa fimbo ya kijani. Fimbo ya Rhizophora mucronata huweza kupita nusu mita kabla ya kudondoka. Ikidondoka wakati maji yamekupwa huenda ikajichomeka topeni. Maji yakiwa yamejaa, huelea na kuchukuliwa na mkondo hadi itakapotua. Mchu hufanya kitu cha kati: kiinitete hutoboa ganda la mbegu lakini hubaki ndani ya ngozi ya tunda, ambayo huvuka majini baada ya muda mfupi. (Muia, katika sehemu za kusini ya pwani yetu, huitwa pia msinzi. Asije mtu akaunganisha jina hilo na kusinzia, kwa sababu kama kuna mti ambao mtoto wake hasinzii, ni huo.)

Sababu inaeleweka. Tope la mikoko lina chumvi nyingi na hewa haba, na maji hulifunika na kuliacha mara mbili kwa siku; mbegu ndogo iliyolala humo ingeoza au kuzolewa. Mti humaliza sehemu ngumu ya kazi juu kwa juu. Gharama yake ni kwamba mbegu za namna hii hazihifadhiki. Zikikaushwa hufa. Mtu aliyezoea kuanika mahindi na kunde kwa ajili ya msimu ujao, akipewa kazi ya kupanda mikoko na kuambiwa tu akusanye mbegu, anaweza kuziua zote kwa uangalifu mwingi.

Panda sasa kutoka topeni hadi tuta la mchanga ambapo bahari huacha takataka zake. Hapa huota mkomwe, Caesalpinia bonduc, kichaka cha miiba chenye maganda yaliyojaa miiba pia, na ndani yake komwe za kijivu, ngumu na laini kwa kuguswa. Kila mcheza bao anazijua. Komwe hulowekwa baharini miezi na miezi isipitishe tone. Ganda lake lina tabaka la seli ndefu zilizosimama bega kwa bega, na juu yake utando unaokataa maji. Ndani ya mbegu mna uwazi wenye hewa, nao ndio huielesha. Komwe zimeokotwa hata katika visiwa vya magharibi ya Scotland, zilikopelekwa na mikondo ya Atlantiki, na watu wa huko walizifanya hirizi. Kinachoifanya komwe kuwa kete nzuri ndicho kinachoifanya kuwa msafiri mzuri: haioti ikiloweshwa, haiozi, haisagiki. Kete iliyochezewa miaka mingi barazani huenda bado ni mbegu hai.

Komwe kama hiyo ukiifukia bustanini na kuimwagilia kila siku, utachoka kabla yake. Ukiisugua upande mmoja kwa tupa au kwenye jiwe mpaka ganda la nje litobolewe, kisha ukailoweka, itavimba na kuelekea kuota. Kiini chake hakikuwa na tatizo lolote. Mlango ulikuwa umefungwa.

Milango ya namna hiyo ni mingi nyuma ya matuta. Mgunga na mbuyu zina maganda yasiyopitisha maji. Mkunazi umeifungia mbegu yake ndani ya kokwa kama jiwe. Vinavyoifungua ni mambo ya nchi yenyewe: mchanga unaochomeka mchana na kupoa usiku mpaka sehemu dhaifu ya ganda ifunguke, meno na matumbo ya wanyama, mchwa, miaka. Mbuzi hula maganda ya mgunga na kuziacha baadhi ya mbegu katika samadi, zikiwa zimekwaruzwa kiasi. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyoueneza mti mgeni Prosopis juliflora, ambao Wakenya huuita mathenge na Wasomali garanwaa, yaani usiojulikana. Ng'ombe na mbuzi walipenda maganda yake matamu, wakazibeba mbegu ngumu hadi malishoni na kwenye visima.

Kismayuu hupata mvua ya takriban milimita 400 kwa mwaka, na sehemu kubwa yake hunyesha katika miezi michache kuanzia Aprili. Rasharasha moja ya mapema huweza kufuatwa na majuma ya jua kali. Mmea ambao mbegu zake zote zingeota kwa rasharasha hiyo ungepoteza kizazi kizima kwa siku moja. Mgunga haufanyi hivyo: katika ganda moja mna mbegu itakayofunguka mwaka huu na nyingine itakayofunguka baada ya miaka kadhaa, na ardhi huwa na akiba ambayo haionekani kwa macho.

Nyasi nazo zina njia yao. Cenchrus ciliaris, nyasi ya malisho iliyoenea katika nyika za Somalia na Kenya, ina mbegu ambazo zikivunwa leo na kunyeshewa kesho, nyingi hazitaota, ingawa maji huingia. Huhitaji kukaa kavu miezi kadhaa kwanza. Kizuizi hapa kimo ndani, katika mizani ya homoni: asidi ya absisiki hukizuia kiinitete, jibereli hukisukuma, na muda wa ukavu huibadilisha mizani hiyo taratibu. Kuikwaruza mbegu hii kama komwe hakutoshi kuondoa kizuizi hicho.

Kusinzia au kulala?

Wataalamu Carol na Jerry Baskin, wakijenga juu ya kazi ya Mrusi Marianna Nikolaeva, wamezigawa hali hizi katika makundi matano. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili naona mawili yatosha kwa kuanzia, mradi kwanza tutenge lisilokuwamo. Punje ya mtama katika mtungi mkavu haijalala, inangoja. Ipe maji, itaota. Komwe na mbegu mbichi ya nyasi hupewa maji na bado hazioti, na hilo ndilo jambo linalohitaji jina.

Usingizi haufai sana. Aliyesinzia huamshwa kwa kuguswa, na neno hili humfanya msomaji afikiri kwamba maji ndiyo mguso. Bwete halifai kabisa, kwa kuwa kukaa bwete ni lawama, na mbegu hizi haziko bure: ndani yake mna kazi ya kikemia inayoendelea. Kulala ni kitenzi kipana zaidi. Chakula hulala, bidhaa hulala dukani, mtu hulala na njaa. Hakuna katika hayo anayedai kwamba kuna ndoto. Hulala kitu ambacho wakati wake umepita juu yake bila kutumika, kikabaki. Napendekeza basi ulalaji wa mbegu kwa dhana kuu. Ulalaji wa ganda pale ambapo maji hayaingii, kama katika komwe na mgunga. Na ulalaji wa kiini pale ambapo maji huingia lakini kiinitete hukataa. Faida ya majina haya ni kwamba kila moja hubeba dawa yake. La ganda hudai tupa au maji ya moto, la kiini hudai muda. Na mwenye kitalu ambaye mbegu yake haikuota ana swali la kujiuliza kabla ya kuitupa kuwa imekufa: je, imevimba au haikuvimba?

Suala la ukusanyaji

Tangu mwaka 1991 Wabajuni wengi wamehama visiwa vyao. Wengine walikimbilia Kenya na kukaa katika kambi ya Jomvu karibu na Mombasa, wengine wamefika Ulaya. Derek Nurse na wengineo wamehifadhi mengi ya sarufi na msamiati wa lahaja hii. Hata hivyo, orodha za maneno kwa desturi huuliza majina, na jina la mti hudumu kuliko kitenzi cha kuushughulikia. Mtu aliyezaliwa mjini anaweza kujua kwamba kuna mti uitwao mkunazi asijue neno la kuivunja kokwa yake kabla ya kupanda. Mkusanyaji aulize pia matendo: mbegu hii hufanywaje hata ikaota, ipi haifukiwi, ipi hutoka zizini. Na asikilize kwa makini, kwa kuwa katika Kibajuni mtu ni mchu, na msikilizaji wa Kiunguja anaweza kuandika mti pale aliposimuliwa habari za binadamu.

Mkoko unatudai istilahi moja bado. Kile kinachodondoka kutoka juu yake si tunda, si mbegu kwa maana ya kitu kinachowekwa akiba, wala si mche uliooteshwa kitaluni. Kukiita mbegu ndiko kunakomfanya mtu akianike. Napendelea kukiita mche mning'inio.